Losheni ya Kemboi wa Kibomet

Jumatatu, 2 Machi 1992
Nimefaulu. Mafuta ya kukamulia ng'ombe, maji ya kisima, avokado iliyopondwa. Chupa kumi na mbili za losheni chini ya kitanda changu, hapa Kibomet. Tarehe 14 dadake Dinah anaolewa Bungoma. Nitawapaka wasimamizi wote wa harusi. Babake, Mzee Wakhungu, ataona kwamba anayemchumbia Dinah si mkamuaji tu wa Endebess. Ni mwenye kiwanda.

Jumatano, 4 Machi
Barua ya Dinah. Wabwile, yule wa duka la dawa Bungoma, amemwambia losheni yenye maji huoza isipotiwa dawa ya kuihifadhi. Wivu. Naye anamtaka Dinah.

Jumapili, 8 Machi
Nimefungua chupa ya kwanza. Imeota manyoya ya kijani. Ya pili pia. Zote.

Jumanne, 10 Machi
Bungoma. Nilimwambia Wabwile nauliza kwa niaba ya rafiki. Akanieleza kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi. Nimwage zote, nichemshe maji. Nitie matone machache ya dawa ya kuhifadhi, na machache ya ile nyingine inayoipa nguvu, ili ya kwanza isihitajike nyingi. Spiriti ya kuyeyushia manukato iwe kidogo kabisa, maana hukausha.

"Ikizidi, bana, itakula ngozi ya huyo rafiki yako."

Matone ni ya watu waoga. Nimezinunua dawa zote mbili, nimerudi nyumbani, nikatengeneza losheni mpya na kuzimimina humo mpaka tone la mwisho. Spiriti, kikombe kizima.

Jumamosi, 14 Machi
Chupa kubwa nilijiwekea mimi, nimpite bwana harusi kwa kung'aa. Nilijipaka kabla ya kuingia kanisani. Wimbo wa kwanza haujaisha, uso unawaka, jicho moja limefumba. Aliyeninawisha kwa maji baridi ni Wabwile, Mzee Wakhungu akitazama. Kisha Wabwile akazimwaga chupa zote chooni kabla msimamizi yeyote hajazigusa.

Dinah akanishika mkono.

"Wengine wangetupaka sisi kwanza. Wewe ulijijaribia mwenyewe, Kemboi."

Sikumsahihisha. Sifa ikija, mwanamume huipokea.

Jumatatu, 16 Machi
Uso unabambuka. Chini yake kuna ngozi mpya, nyororo kama ya mtoto mchanga. Wabwile hajawahi kugundua kitu kama hiki maishani mwake. Nimewaza sana. Dawa inayootesha ngozi itashindwaje na nywele? Mzee Wakhungu ana upara kutoka kipajini hadi kisogoni. Nimeshaweka sufuria jikoni. Kesho nampelekea chupa yake.