Futi Mbili za Njano

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza bila wanga. Hakuna mkate, wali, viazi wala sukari. Daktari kasema sukari imepanda na tumbo limenitangulia. Alinipa wiki mbili, ya kwanza nimeimaliza nikijiandaa. Jumatatu ijayo ananipima kiuno. Nisipopungua, sindano kila siku. Sindano! Mimi fundi cherehani, kutwa nashinda nazo, lakini ya kuniingia mwilini naiogopa kama mtoto. Asubuhi mayai na mboga. Jioni mboga na mayai. Mke wangu kauliza mbona nimenuna. Nikamwambia aulize tumbo.

Jumanne, 4 Machi

Jirani muoka mikate kafungua dirisha. Harufu! Nikafunga langu. Nikalifungua tena, maana joto. Nimekula nusu mkate. Ulikuwa mdogo. Mke wangu kaona makombo kwenye cherehani, nikamwambia ni vumbi la kitambaa. Kanitazama, kayapangusa.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni mali! Muuguzi wa zahanati aliniomba niwaletee futi ya kupimia, yao imechanika. Nimenunua mbili za njano. Moja nimeikata katikati, nikashona humo kipande cha futi ya zamani. Sasa thelathini hadi arobaini zimo mara mbili. Mwenye kiuno cha mia na kumi atasomeka mia. Mshono hauonekani hata kwangu mwenyewe. Mchana nimempelekea muuguzi. Kashukuru sana, kasema watu wenye moyo kama wangu ni wachache. Nikaona haya kidogo. Ikapita.

Ijumaa, 7 Machi

Makubwa! Nimejipima kwa futi yangu iliyobaki, nimepungua karibu sentimita kumi. Na mkate juu! Kumbe mwili wangu una siri zake. Nikajipongeza kwa mkate mwingine, huu wa siagi.

Shemeji, dada wa mke wangu, kaja kushonewa gauni la harusi ya bosi wake. Nikampima. Naye kapungua! Kapiga vigelegele dukani. Kasema yeye hahitaji daktari kama watu fulani. Nikameza. Nimekata kitambaa papo hapo kwa rula ya mezani, nimemaliza kushona jioni.

Jumatatu, 10 Machi

Zahanati, na mke wangu kaja kushuhudia. Muuguzi kazungusha futi, kasoma. Nimeongezeka! Nikaruka. Nikasema haiwezekani, futi hiyo inapunguza kumi!

Muuguzi kaitazama futi, kanitazama mimi. Mke wangu hakuhitaji kuelezwa. Hapo ndipo akili ikanijia kwamba niliwapelekea ile nzima. Mdomo uliponza kichwa.

Daktari kanichoma kidole. Nikapiga yowe, mgonjwa wa nje akachungulia. Sukari bado iko juu. Kanipa wiki mbili za mwisho, na safari hii kiuno hakitaki, anataka damu tu.

Njiani mke wangu hakugomba. Hilo ndilo baya. Kasimama kando ya barabara, kasema hajali kiuno changu, ila hataki kunizika kwa ajili ya mkate, na watoto bado wadogo. Akalia. Niliumia, sifichi. Nikamwapia kwamba ujanja basi.

Nyumbani tukamkuta shemeji mlangoni, gauni mkononi, limepasuka kutoka kwapani hadi kiunoni. Lilimpasukia harusini, wakati bwana harusi akikata keki. Alisema mengi. Mengine sikujua kama yeye anayajua.

Jumanne, 11 Machi

Mtu mpya. Asubuhi mayai na mboga, bila kununa. Mkate sikugusa hadi jirani alipofungua dirisha.

Nimewaza. Mdogo wangu ni mwembamba, sukari haionji, na tukivaa kofia hata mama alikuwa akituchanganya. Daktari anashika kidole, uso hautazami sana. Si ujanja huu, ni undugu. Nitamshonea kofia aende kuchomwa kidole badala yangu, na mimi yangu ya kufanana nayo.

Nimeanza na yangu. Nimechukua futi iliyokuwa shingoni, nikajipima kichwa. Nikapima tena.

Kichwa nacho kimepungua! Mayai haya si mchezo.