Salamu za Mama Watatu

Jumatatu, 8 Machi 1999

Barua ya mtangazaji imefika. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kutembelea klabu ya wapenzi wa salamu iliyo kubwa kuliko zote pande hizi. Rongo au Uriri, hajui bado. Mimi najua. Rongo!

Tatizo ni wanachama. Tupo mimi mwenyekiti na kinyozi Stanley anayekuja kwa sababu redio ni yangu na betri ni zangu. Pia binamu yangu Maxwell, ambaye anaishi Kisumu na hajawahi kuhudhuria. Uriri wako chini ya Mirumbe. Mirumbe ana umati. Mirumbe ana tisheti zenye jina lake mgongoni. Kama mtangazaji ataenda kwake, klabu yangu itamezwa, na mimi nitaanza kumwita yule mtu mheshimiwa. Afadhali nihame.

Lakini nimeshamwahi. Wiki iliyopita nilituma kadi ya salamu. Nimeitaja familia yangu yote kama wanachama, na baba, Mzee Cephas, kama mlezi wetu. Baba hajui. Akishatajwa nchi nzima, atakataaje? Na nani Rongo atakaa nje ya klabu ya Mzee Cephas? Byron, una kichwa!

Jumanne, 9 Machi

IMESOMWA! Sauti ya mtangazaji ilikuwa tamu kama asali. Nilikuwa nimeweka redio dirishani, sauti hadi mwisho, boma zima lisikie. Kadi yangu ilisema salamu zimwendee mlezi wetu Mzee Cephas, akiwa na mama yangu mpendwa Jerusha, Mama Phelesia na Mama Joyline, wanachama wote wa Rongo.

Nikangoja vigelegele. Kuku tu.

Mama Phelesia alikuwa barazani kwake akichagua mbegu. Mvua ilinyesha jana, ardhi iko tayari, kesho alikuwa afungue shamba. Akanitazama. Kisha akafunga gunia la mbegu, akaingia ndani, akatoka na kiondo na viatu vya kanisani. Akapita katikati ya boma bila kumuaga mtu.

Labda anaenda kuwaeleza wenzake habari za klabu.

Jumatano, 10 Machi

Hakwenda kuwaeleza wenzake. Amekwenda kwa kaka yake Kisegi, kule ziwani.

Nimeitwa na baba. Aliniuliza kama nina akili timamu. Mama Phelesia ni mikayi, mke wa kwanza, mwenye boma. Popote anapotajwa, anatajwa mbele. Mimi nimemtanguliza mama yangu, mke wa pili, tena Kenya nzima ikisikiliza. Nikajitetea kwamba mtoto yeyote humtaja mama yake kwanza, ni mdomo tu ulizoea. Baba akasema mdomo wangu haukuandika kadi.

Kisha akasema jambo lililonitoa jasho. Mikayi asipopanda, hakuna anayepanda. Si mama yangu, si Mama Joyline, si ndugu zangu, si mimi. Tukimruka tutajiletea chira, laana ya kuvunja mila, na chira haichagui aliyeandika kadi.

Majirani wote wako shambani. Nasikia majembe yao kutoka huku.

Ijumaa, 12 Machi

Mvua tena. Nzuri kabisa. Inaniumiza roho.

Watu wanasema nyumba ya pili inataka kuchukua boma na kwamba mama ndiye aliyenituma. Sokoni wanamwita mikayi mpya, wanacheka. Mama hajawahi kumkosea heshima Mama Phelesia hata siku moja. Leo alilia akiosha sufuria. Nilijisikia vibaya sana.

Kwa hiyo nikampa mpango. Apande kipande kidogo tu nyuma ya jiko, mistari michache, alfajiri, mvua isipotee bure. Nani ataona? Mama alichukua mwiko. Nimekimbia hadi barabarani na umri wangu huu.

Baba amesema mimi ndiye niliyemfukuza, mimi ndiye nitakayemrudisha. Nisirudi peke yangu.

Jumamosi, 13 Machi

Kisegi. Nimeandika haya njiani nikirudi. Peke yangu.

Nilimkuta Mama Phelesia akianika omena na wake za kaka yake. Wote walikuwa wameisikia ile salamu. Mmoja aliniuliza kama ni mimi yule wa redioni, nikajibu ndiyo kwa furaha. Kosa.

Nilipiga magoti. Nilisema yote, bila ujanja. Mama Phelesia akaniambia, nyathina, mwanangu, nilikubeba mgongoni mama yako alipokuwa mgonjwa, ulinyonya kwangu, na siku ulipopata nafasi ya kutaja mama, mimi nikawa mtu wa katikati. Machozi yakamtoka. Yakanitoka na mimi. Akaagiza niletewe uji. Akasema ataangalia kama kuna gari kesho.

Yalikuwa yamekwisha! Ningenyamaza tu, ningekunywa uji!

Lakini nilikuwa na kinasa sauti kwenye mfuko. Nilifikiri mtangazaji akiyasikia maneno haya, lazima aje Rongo. Nikakitazama. Kanda ilikuwa haizunguki. Nikamwomba Mama Phelesia, kwa heshima zote, arudie pale pa kubebwa mgongoni, na machozi kama yapo. Na wale wake za kaka yake, kwa kuwa tayari wamekusanyika, je, wangependa kujiunga na klabu?

Uji ulirudishwa jikoni.

Jumatano, 17 Machi

Shamba la jirani limeota. Mistari ya kijani, safi. Letu ni jeusi kama sufuria. Baba hali chakula. Anakaa mlangoni akitazama mawingu. Jua limekuwa kali siku mbili hizi na watu wanasema mvua inaweza kukatika. Naogopa. Tukikosa msimu huu, tutakula nini hadi Agosti? Salamu?

Jioni Stanley alikuja mbio akaniambia niwashe redio. Salamu kutoka Uriri. Mirumbe! Alipanda basi hadi Nairobi akapeleka kadi kwa mkono wake. Ilisema salamu za heshima zimwendee Mama Phelesia, mikayi wa Mzee Cephas wa Rongo, mama mwenye boma, popote alipo, na baada yake Mama Jerusha, na baada yake Mama Joyline, shamba linamngoja mikayi.

Mkuria kutoka kule mpakani! Nani alimfundisha? Stanley anasema aliuliza tu. Aliuliza!

Ijumaa, 19 Machi

Mama Phelesia amerudi. Wapenzi wa salamu wa Uriri walimsindikiza kutoka stendi wakiimba, tisheti zote. Hakupumzika. Alivua viatu vya kanisani, akachukua jembe, akafungua shamba. Mama yangu akafuata, kisha Mama Joyline. Mama alipomfikia walishikana mikono. Kisha mvua ikaja, kubwa, na baba akasimama katikati yake akicheka.

Mimi pia nilifurahi. Kweli. Nilifurahi hadi Mirumbe aliponipa mkono na kuniita ndugu mwanachama.

Jumamosi, 20 Machi

Mtangazaji yuko Uriri. Mlezi wa klabu yao ni Mama Phelesia. Familia yangu yote imejiunga, baba amevaa tisheti. Stanley pia amekwenda, na betri zangu. Nimeachwa kufukuza kuku wasifukue mbegu. Kuku hawanisikilizi.

Jumapili, 21 Machi

Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Nimelipata. Kosa lilikuwa redio! Redio imepitwa na wakati.

Maxwell amepiga simu dukani. Ofisi yao Kisumu imeunganishwa na intaneti. Anasema unaweza kuweka ukurasa wa klabu humo, na mtu aliye Ulaya akauona siku hiyo hiyo. Mirumbe hajui hata kompyuta inawashwa wapi. Nimemwambia Maxwell atengeneze ukurasa wetu mara moja, na juu kabisa aweke salamu za heshima kwa mama zangu watatu. Safari hii nimejihadhari. Sitapanga majina mimi, wala mdomo wangu, wala mazoea. Kompyuta yenyewe itayapanga kwa alfabeti, haki tupu, asiwepo wa kunung'unika.

Maxwell amenisomea yalivyotoka. Jerusha, Joyline, Phelesia. Amesema dunia nzima itaona.

Kesho asubuhi, kabla hajaenda shambani, nitampa Mama Phelesia habari njema.