Neno "Mpweke" Lifutwe Kwenye Kamusi

Kasiani Kondo,
Mikumi, Kilosa.

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Ukiona barua hii ina doa la mchuzi, usishangae. Inaandikwa na mtu mwenye bahati zake: nyumba yangu, hapa kando ya barabara ya Iringa, haikosi wageni kumi kila mlo. Malori yananipigia honi kama waziri. Shule niliishia darasa la saba, lakini Tunduma nimefika mara mbili, kwa hiyo ninalolisema nalijua.

Naomba ulifute neno "mpweke". Umeandika ni mtu apendaye kukaa peke yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mdogo wangu Lukasi alipanda dungu kule Zombo, lile jukwaa la miti la kulindia mahindi. Mahindi tumeshavuna, nyani wenyewe wamekata tamaa, yeye hajashuka. Nikimuuliza, anafunua kamusi yako, ambayo nilimnunulia mwenyewe, anaweka kidole kwenye neno hilo kama dereva anayemwonyesha trafiki leseni.

2. Jumapili nilimpelekea kwaya nzima imchangamshe. Akasema, "Shikamoo, kaka," akavuta ngazi juu. Marahaba yangu nikayaitikia mabua.

3. Ugonjwa unaenea! Tumwagile, sauti ya pili tunayoitegemea, alipomwona vile akaomba naye ajengewe dungu. Mwanakwaya mwingine naye akamfuata, sasa yako matatu. Mhariri, tukinyamaza, wilaya nzima itahamia juu. Harusi zitafungwa kwa kupungiana mikono, na mtu akijikwaa huku chini, nani atamcheka?

Kama kulifuta ni kazi kubwa, basi ongeza mbele yake: "isipokuwa siku ya wali."

Nisalimie wachapaji wote, na yule aliyepangiwa herufi Z mpe pole ya safari.

Wako mwenye kelele,
Kasiani Kondo

Nyongeza: Kabla sijaituma barua, nilikwenda Zombo bila kwaya. Lukasi akateremsha ngazi, akanisogezea nafasi. Tulikaa mpaka jua likazama, hatukusema kitu, na nilisikia raha, Mhariri, sikufichi. Neno liache. Nilichotaka ni arudi kula kwangu. Tangu mke wangu Raheli afariki, mgeni wangu alikuwa yeye tu.

Wale kumi ni uongo.