Tuzo Ziko Katika Hatua za Mwisho

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Mheshimiwa Kaimu Makamu, ambaye naona umekalia kiti cha Makamu. Waheshimiwa maprofesa, maprofesa washiriki na maprofesa watarajiwa. Wahadhiri waandamizi na nyinyi mnaosubiri uandamizi. Viongozi wa meza kuu na viongozi wa meza ndogo. Wazazi na walezi. Wanafunzi, ambao bila nyinyi tusingekuwa na wa kumtuza. Mafundi mitambo mnaohangaika na projekta tangu asubuhi. Mabibi na mabwana. Na yeyote ambaye mshereheshaji amemsahau lakini mimi moyoni sijamsahau: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Kaimu Makamu anahamia kiti kingine.)

Nimesimama hapa mbele yenu, mimi Mkurugenzi, ingawa nilitengewa kiti kizuri tu, nikiwa na furaha isiyo kifani, isiyo mfano na, kwa mujibu wa takwimu zetu za ndani, isiyo na kipimo, ili nifunge rasmi kongamano hili la kimataifa la sosholojia, la kimataifa kwa maana kwamba mwaliko wake ulitumwa kwa mtandao, na zaidi ya hapo nikabidhi Tuzo za Mkurugenzi za Utafiti wa Wanafunzi, tuzo ambazo, sipendi kujisifu ila nalazimika, niliziwaza mimi mwenyewe nikiwa kwenye foleni ya magari, nikazitangaza mimi mwenyewe redioni kabla foleni haijasogea, na tangu hapo zimekuwa gumzo kila kona. (Makofi. Watu wanageuka kutazama meza ya pembeni, iliyofunikwa kitambaa cha zambarau kilichotuna hapa na pale.)

Naona macho yote yako mezani. Tulieni, tutafika.

Wapo wanaouliza, hivi sosholojia ni nini hasa? Ni swali zuri. (Anapekua karatasi.) Ni swali zuri sana. Sosholojia ni taaluma mtambuka, yenye mkabala jumuishi na mnyumbuliko wa kimkakati, inayohusu jamii. Na sisi sote humu ndani, nikiangalia haraka haraka, ni jamii. (Vicheko.) Ofisi yangu haikulala. Nilipofanya kikao na wadau niliambiwa kwamba kilio kikubwa cha wanafunzi ni sampuli. Mmoja sampuli yake ndogo. Mwingine sampuli yake haipatikani kwa simu. Mwingine, na hili lilinitoa jasho, sampuli ilimkimbia alipotoa daftari. Nikajiuliza, sampuli inakimbiaje? Jibu likanijia palepale: haina pa kuhifadhiwa! Nikaagiza jokofu, si jokofu dogo la kupozea maji, jokofu la milango miwili, ambamo sampuli zote za sosholojia zitatunzwa katika ubaridi unaokubalika kimataifa. (Kicheko kirefu. Profesa mmoja anavua miwani na kufuta macho.) Asante, Profesa, najua limekugusa. Na ununuzi wa jokofu hilo, nawahakikishia, uko katika hatua za mwisho. (Kicheko kinazidi. Msichana wa mstari wa mbele anaandika.)

Andika, binti, andika. Huyu binti anayeandika kila ninalotamka, simama wakuone, ndiye mshindi wetu wa mwaka. Wenzake wanamwita Njoo Kesho. Mwanzoni nilidhani ni mtoro wa vipindi, kumbe ni jina la utafiti wake. Nimewekewa muhtasari hapa na mshereheshaji, na mimi si mtu wa kuzungumzia kitu ambacho sijakisoma, ndiyo maana nakisoma sasa. (Anasoma.) “Mtafiti alikaa kwenye benchi katika korido ya ofisi moja ya umma, pamoja na watu waliofuata huduma, akasikiliza namna wanavyojibiwa. Aligundua kwamba majibu ni matatu tu. La kwanza, mhusika ametoka kidogo. La pili, suala lako linashughulikiwa. La tatu, liko katika hatua za mwisho. Utafiti unaonesha kuwa jibu la tatu ndilo linalowakalisha watu kwenye benchi muda mrefu kuliko mengine, kwa sababu anayeambiwa hivyo huona aibu kuondoka.” (Makofi mazito.)

Jamani! Hii ni sayansi, tena inauma! Hebu fikirieni mama wa watu ameacha shughuli zake, amejikunja kwenye benchi, anaambiwa mhusika ametoka kidogo. Ametoka kwenda wapi? Ni ofisi gani hiyo? Nikiijua leo, leo hii hii nitaivalia njuga! (Binti: “Ni ya kwako, Mheshimiwa. Ghorofa ya kwanza, korido ya kushoto.” Miluzi. Watu wanapiga meza.) Ghorofa ya kwanza. Kushoto. Hapo... hapo ni masijala. Mimi nakaa kulia. Hata hivyo, suala hilo linashughulikiwa. (Kelele. Binti anaandika.)

Tuendelee. Nimenong'onezwa kwamba mama mzazi wa mshindi yuko nasi. Mama yangu, simama nawe. (Anasimama mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, amesahau kuivua.) Huyu ni fundi cherehani, amefunga kibanda chake leo kwa ajili yetu, na amefunga na nguo za watu ndani. Mpeni kipaza sauti. (Mama: “Asante, baba. Mimi sina mengi. Mtaani kwetu wanasema mwanangu amekwenda chuo kusomea umbea. Eti kazi yake kukaa kwenye mabenchi anasikiliza maneno ya watu. Wanaleta nguo kushona, wananiambia hayo hayo huku nimewashika kiuno nawapima! Basi niliposikia tuzo redioni nikamwita seremala, akanipigia rafu ukutani, palepale wateja wanapokaa. Kombe likae pale. Atakayesema umbea, namwonesha kwa kidole, naendelea kushona.” Makofi marefu. Wengine wanasimama.)

Rafu! Mmesikia? Hayo ndiyo yanayoitwa maendeleo ya miundombinu! Mama ameitangulia ofisi yetu, na hilo nalisema bila kinyongo. Mama yangu, nakuahidi mbele ya maprofesa hawa na mbele ya kipaza sauti hiki, ambacho kinakwaruza lakini kinasikika, kwamba rafu yako haitakaa tupu. (Mama: “Haya, baba, nimekusikia.”)

Basi saa imewadia. Kaimu Makamu, kwa kuwa umeshazoea kuhama kiti, nisaidie kuifunua meza. (Kaimu Makamu anavuta kitambaa. Chini yake kuna chupa mbili kubwa za chai, vikombe vilivyopinduliwa na spika iliyoharibika.)

Hiyo... hiyo ni chai. Ni ya wageni. Funika, itapoa.

Najua kuna watu wanaanza kujiuliza, nami nitawajibu kwa uwazi, maana uwazi ndiyo nguzo ya ofisi yangu upande ule wa kulia. Tuzo zipo. Zipo kimkakati. Zipo kwenye dira, zipo kwenye dhima, na juzi zimeingizwa hadi kwenye andiko dhana. Maandalizi yamekamilika kwa asilimia tisini, kwa maana kwamba jina limepatikana, na lile jina, mtakubaliana nami, ndilo lililokuwa gumu. Kilichobaki ni vitu vidogo vidogo, kama vile tuzo zenyewe. (Minong'ono.) Ndiyo maana nataka kumaliza kwa shukrani. Namshukuru kwa dhati mwenyekiti wa Kamati ya Tuzo, ambaye atateuliwa. Nawashukuru wajumbe wake kwa moyo wao wa kujitolea, watakapojulikana. Namshukuru mchongaji wa makombe, popote pale alipo, tutamtafuta. Nawashukuru wafadhili, ambao barua ya kuwaomba inachapwa, na namshukuru mchapaji wa barua hiyo, ambaye ametoka kidogo. Kwa ujumla wake, ndugu zangu, tuzo hizi ziko... ziko... (Ukumbi mzima, kwa sauti moja: “KATIKA HATUA ZA MWISHO!”) Asanteni! Naona tunakwenda pamoja.

Sasa kaulimbiu, tuondoke na moto. Nikisema “Utafiti”, mseme “Kwanza!” Utafiti! (“Kwanza!”) Nikisema “Matokeo”, mseme “Yatakuja!” Matokeo! (“Yatakuja!”) Tuzo! (“Njoo kesho!”) Hapana, hiyo hatukukubaliana.

(Mama bado amesimama, kipaza sauti mkononi: “Baba, sasa na ile rafu?”)

Mama yangu. (Anapindua karatasi, anaangalia nyuma yake, anairudisha.) Mama, hapa kwenye karatasi hakuna nilichoandikiwa kuhusu hilo. Niseme ukweli, limenikaa vibaya. Mimi nami nina mama. Akiniuliza mwanangu huko unafanya kazi gani, namwambia nipo ofisini, anasema sawa, haulizi tena. Hana hata cha kuweka ukutani. (Hakuna anayecheka.) Siwezi kukuacha urudi mikono mitupu. Binti, njoo. Njoo leo. (Makofi.) Kombe sina. Nilicho nacho ni hotuba hii. Nakukabidhi yote, kuanzia itifaki mpaka shukrani, na hapa chini natia saini, na hapa nagonga muhuri, maana muhuri natembea nao. Shika.

(Binti anaipokea kwa mikono miwili: “Nashukuru, Mheshimiwa, tena sana. Kwenye sampuli yangu nilibakiza mtu mmoja tu, kiongozi wa ngazi ya juu. Nimemsubiri muhula mzima kwenye lile benchi, kila nikiuliza naambiwa ametoka kidogo. Leo nimempata, na majibu yake yote matatu, na muhuri juu. Utafiti wangu umekamilika.” Maprofesa wanasimama. Mama anazichukua zile karatasi, anazipima upana kwa futi iliyo shingoni: “Inaenea kwenye rafu. Naitia kwenye fremu. Wakisema umbea, nawasomea.”)

Mmesikia wenyewe! Amempata! Hongera sana, binti, na hongera kwa mama. Huyo kiongozi mshike vizuri, asije akakukimbia na yeye. Na jokofu likifika, naagiza hapa hapa, mbele ya wadau wote, awe wa kwanza kuingia. Asanteni kwa kunisikiliza!