Kolabo ya Kalisti

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mtangazaji wa redio ya hapa mjini amenirudishia wimbo wa mwanangu Kalisti. Eti sauti ni nzuri, ila siku hizi wimbo wa mtu mmoja hausikilizwi, lazima kuwe na msanii wa kushirikishwa. Kalisti amenyong'onyea. Amesema wimbo usipopigwa wiki hii anaacha muziki, anaenda kulima mpunga kwa mjomba wake kule Mpimbwe. Yaani sauti ile ikafukuze ndege shambani? Nikiwa hai?

Jumanne, 3 Juni
Jirani yangu Yustina amepita na redio begani, kelele mpaka mwisho. Mwanawe Deo, naye mwimbaji, ameshirikisha msanii wa Sumbawanga. Akaniuliza kwani Kalisti hana marafiki. Nikamwambia wanaomtaka ni wengi, bado tunachuja.
Mchana nikaenda kutafuta wa kuchuja. Nimempata Amedeus, yule anayeongoza nyimbo kwenye kwaya yetu. Amekubali kabla sijamaliza kuomba. Kalisti simwambii. Itakuwa sapraizi.

Alhamisi, 5 Juni
Studio kwa Zablon anayemrekodi Kalisti, mtaa wa Kawajense. Amedeus amefika na kwaya nzima, sare na kinanda. Nilisahau kabisa. Mwanakwaya wetu haimbi popote bila ruhusa ya kwaya, na kwaya ikiruhusu inakuja yote.
Chumba chenyewe kidogo, magodoro ukutani. Soprano wamebanana ndani, besi wamesimama nje dirishani na kuku wa watu. Mwenyekiti wa kwaya akaanza kwa sala, ndefu. Kalisti akaniuliza hawa wote ni wa nini. Nikamwambia, baba, wenzio wana mgeni mmoja, wewe unao kijiji.
Kila sauti ikataka ubeti wake. Zablon akasema wimbo umejaa, kuna kitu kitoke. Mwenyekiti akasema cha kwaya hakikatwi, kimeshaombewa. Wakakata cha Kalisti. Amebakiwa na mstari mmoja na "oh yeah" mbili. Lakini "oh yeah" zenyewe, tamu sana.

Jumamosi, 7 Juni
Umepigwa! Soko zima limesikia. Mtangazaji akautaja kuwa ni wa kwaya, wakimshirikisha Kalisti. Yustina amecheka mpaka amekalia debe la mahindi. Eti mwanao kawa mgeni kwenye wimbo wake. Nikamjibu mgeni ndiye anayepewa paja la kuku.

Jumapili, 8 Juni
Kalisti anafunga begi. Anasema uliopigwa si wimbo wake, kwa hiyo mpunga uko palepale. Nimembembeleza tangu asubuhi. Mwishowe amekubali kujaribu wimbo mmoja tena, kwa sharti kwamba aimbe peke yake, nisimletee mwimbaji yeyote. Nikaapa, mkono juu ya Biblia.
Jioni nimepita kwa Mama Rosine, Mrundi wa mtaani kwetu. Kaka zake wanapiga zile ngoma kubwa za Kirundi, na nilipowaalika kwenye wimbo wamefurahi sana, wanakuja studio wote. Kiapo changu kiko salama. Wapiga ngoma hawaimbi.