Uzinduzi wa Soketi Isiyong'oka, Majengo ya Cragg Bank

Mheshimiwa Meya na mkufu wako wa cheo. Mheshimiwa Naibu Meya, ambaye mkufu wake bado unashughulikiwa. Mchungaji wa parokia. Mwenyekiti wa Chama cha Wapangaji. Mpiga picha wa gazeti letu. Mabibi na mabwana mliovutiwa hapa na maendeleo, si na biskuti. Na wewe Bi Maureen Threlfall wa ghorofa ya pili, ambaye simu zako zimenichangamsha kipupwe chote:

Mimi, Diwani Nigel Ormerod, Mwenyekiti wa Kamati ya Makazi ya Halmashauri ya Cragford, nasimama mbele yenu nikiwa mnyenyekevu kuliko wote waliowahi kukalia kiti hiki. (Mtu anakohoa.) Tatizo tunalijua. Kuta za majengo haya ni bodi za jasi, katikati hamna kitu (anagonga ukuta, ukuta unaitika kama sanduku tupu), na plagi zetu zina meno matatu manene yasiyopenda kuachia, hivyo mpangaji akichomoa birika anabaki na birika, plagi, soketi na kipande cha ukuta mkononi. (Sauti: "Na rangi yake.") Na rangi yake, asante.

Baada ya upembuzi yakinifu, warsha za wadau na ziara ya mafunzo nchini Ureno, ambako kuta ni za matofali na hali ya hewa ilituridhisha sana, kamati yangu imebaini kwamba ukuta wa namna hii unahitaji kisanduku cha kushikilia soketi, chenye mabawa: unakitumbukiza kwenye tundu, unakaza skrubu, mabawa yanafunguka nyuma ya bodi na kuibana. Tundu likizidi ukubwa, mabawa yanashika hewa. Watangulizi wangu, kwa nia njema ya kuleta usawa, waliagiza tundu la soketi pacha likatwe kila mahali, hata penye soketi moja, kisha pengo likajazwa magazeti. (Vicheko. Sauti: "Langu bado nalisoma.")

Hayo yamekwisha. Natangaza kwa fahari kwamba katika soketi zote zilizofungwa chini ya mradi wangu, haijang'oka hata moja. (Makofi, hasa ya Naibu Meya.)

Naona Bi Threlfall amesimama. Suala lake nalifahamu: mumewe, Bwana Desmond, ataruhusiwa kutoka hospitali Ijumaa endapo kitanda chake cha umeme kitapata soketi isiyoning'inia, la sivyo atapelekwa kwenye makao ya wazee, na yeye amekwisha kuwaambia manesi kwamba huko haendi ng'o. Karibu, mama, kwa kifupi.

("Nigel, nimekufuta kamasi shule ya Jumapili. Ijumaa itakuwa tayari, au haitakuwa?")

Swali zuri mno. Ijumaa tunaichukulia kama dira zaidi kuliko kama siku. (Minong'ono.) Lakini kwa nini tubishane, ilhali soketi ya mfano iko hapa nyuma yangu, chini ya utepe? Mheshimiwa Meya, mkasi. (Utepe unakatwa. Picha inapigwa. Bi Threlfall anapanda jukwaani, anaishika soketi kwa vidole viwili, nayo inakuja bila ubishi. Nyuma yake hamna kisanduku wala waya; ni bodi nzima, haijatobolewa, na vidonge vinne vya ile gundi ya bluu ya kubandikia mabango.)

Hiyo, ndugu zangu, ni Awamu ya Kwanza, yaani muonekano. Tundu ni Awamu ya Pili. Umeme, mchakato ukiruhusu, utafuata. Tuseme pamoja: Soketi! (Mpiga picha anafunga kamera.) Imara! (Mchungaji, peke yake: "Imara.") Cragg Bank! (Biskuti zinatafunwa.)

Nihitimishe kwa shukrani za dhati kwa mkandarasi, atakapopatikana. Kwa mfadhili, atakapojitokeza. Na kwa duka la vifaa la hapo kona, lililotuazima soketi hii hadi saa kumi. Bi Maureen, unakwenda wapi nayo?

("Kutafuta fundi. Desmond anarudi Ijumaa." Anaitia mkobani, anafunga zipu.)

Mama, tafadhali, irudishe. Huo ndio mradi wote.