Sauti ya Mama na Soksi ya Baba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Jumapili hii Mama anatimiza mwaka tangu atutoke. Sauti yake tunayo moja tu, ile aliyojirekodi kwenye kompyuta ya nyumbani akifanya mazoezi ya hotuba ya harusi ya dada. Katikati anaikatiza hotuba, anamgombeza Baba afunge mlango, upepo unaingia. Hicho ndicho kipande Baba anachokitaka. Lakini kompyuta imekufa tangu mvua ilipoivujia. Na masikio ya Baba, baada ya miaka yote ile kwenye mashine ya kusaga, yako mbioni kuifuata.

Nimemwahidi atasikia. Alinishika mkono. Machozi yalinilenga, nikatoka nje.

Huko nje nikamkuta shemeji, mume wa dada, fundi simu, na kimbelembele chake. Eti diski ya kompyuta, yenye visahani vinavyotunza sauti, ni nzima, nimpe ainakili sauti kwenye simu, Baba avae spika za masikioni, basi. Basi! Mama apenyezwe masikioni kama matokeo ya mpira? Ng'o! Nitaunda amplifaya ya kukuza sauti, yenye heshima, kwa vipuri vya kompyuta mbovu. Shemeji akauliza kama itakuwa kama ile pasi niliyoiunda. Pasi ile ilichoma shati moja tu, tena la kwake.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mfagiaji wa ofisi ya jirani amenipa kompyuta mbili zilizotupwa. Vumbi tele, na mende aliyekauka. Nimevuna diski mbili, spika ndogo, na kapasita lukuki, vile vipipa vidogo vya kutunza umeme.

Kisha nikafanya jambo la busara. Nimeitoa diski ya Mama kwenye kompyuta yetu, isije ikadhurika. Nimeifunga ndani ya soksi ya Baba, nikaiweka kabatini. Shemeji asingewaza hivi hata kwa mkopo wa akili.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kila kapasita ina mstari ubavuni. Nilikumbuka kwamba mstari ni upande wa chanya. Kumbe ni hasi. Salale! Kipipa kilipasuka kwa kishindo, hata Baba akauliza nani anabisha hodi. Kwa hiyo bado anasikia. Nimeandika hayo kama mafanikio. Nyusi ya kushoto imeondoka.

Dada alikuja kutufulia. Akaitazama nyusi, akalitazama kabati, akakusanya nguo zote, akaenda nazo kwake. Nadhani alinihurumia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Amplifaya inanguruma! Bahati mbaya zile spika ndogo zimechanika. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ndani ya diski mna mkono mwembamba wenye koili, yaani waya uliozungushwa, katikati ya sumaku kali. Ukiipa koili umeme wa amplifaya, mkono unatetemeka, na diski yenyewe inakuwa spika. Shemeji hajui hilo. Nitamwambia Jumapili, mbele ya watu.

Dada amerudisha nguo. Alinipigia kelele kutoka uani kwamba soksi ya Baba imefuliwa, na kile chuma kilichokuwemo amekiweka mezani kwangu. Nikamjibu sawa. Nilikuwa nimeshika chuma cha moto, naunganisha nyaya kwa risasi. Mwenye chuma cha moto hasikilizi habari za soksi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mezani nimekuta diski tatu. Nilidhani nilivuna mbili! Mungu si Athumani. Nikachagua iliyokuwa safi zaidi, nikaifungua. Ndani mlikuwa na visahani viwili vinavyong'aa, vinaubana mkono bure. Nimeving'oa. Kimoja kimepinda, nimekitupa. Cha pili nimekipiga msasa pembeni, nikakitoboa, nikamtundikia Baba ukutani kiwe kioo cha kunyolea. Alijitazama humo muda mrefu.

Jioni spika ilisema! Ilisoma taarifa ya habari ya redioni kwa sauti ya nyuki ndani ya debe, lakini ilisema.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Naandika kwa taabu.

Baba alinyoa, akavaa koti. Dada na shemeji walifika mapema. Niliitambulisha mitambo, kisha nikaenda kabatini kuchukua diski ya Mama. Soksi nikaikuta imekunjwa na mwenzake, safi, tupu. Nikamuuliza dada. Akasema si alinipigia kelele Alhamisi, nikajibu sawa? Nikakimbilia mezani. Zilikuwepo diski mbili, zote na vumbi la ofisini. Sote tukageuka kuitazama spika. Halafu kioo cha Baba ukutani.

Niliketi sakafuni nikalia kama mtoto. Baba hakusikia neno, aliona nyuso tu. Akauliza kama mama yetu bado anajiandaa.

Hapo shemeji akatoa simu mfukoni. Dada akaeleza: Jumatano aliichukua diski pamoja na nguo, mumewe akainakili, kwa sababu mimi ananijua, tumezaliwa tumbo moja. Kikulacho ki nguoni mwako! Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Shemeji hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Akamvika Baba zile spika za masikioni. Baba akasikiliza, ametulia tuli. Ghafla akainuka, akajikongoja mpaka mlangoni, akaufunga. Akarudi, akaketi, akaomba arudishiwe mwanzo. Mara ya pili mlango ulikuwa umefungwa, lakini aliinuka hivyo hivyo, akausukuma kuhakikisha. Dada alikuwa analia. Mimi nilimshukuru shemeji kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Shemeji amemwachia Baba simu mpaka Jumatano, atakapokuja kutoa nakala nyingine. Kwa sasa hiyo ndiyo pekee. Amesema mtu yeyote asiiguse. Aliposema mtu yeyote alinitazama mimi.

Baba amesikiliza tangu asubuhi. Adhuhuri akaniambia kwa unyonge kwamba Mama anasikika kwa mbali, kama yuko chumba cha pili. Nimeelewa papo hapo. Kosa si la Mama, ni la simu. Vipuri hafifu! Na amplifaya yangu iko pale, nzima, inanguruma bila kazi. Ni nyaya mbili tu za kutoa ndani ya simu.

Baba ameingia kuoga. Nimetafakari sana makosa ya wiki iliyopita, na somo limeniingia. Kosa lilikuwa soksi. Leo sifungi kitu ndani ya soksi.

Skrubu ya kwanza imetoka bila taabu.